Jini hatembei na panga: jibu langu kuhusu Resident Evil

Assalaam alaykum wadau. Mdogo wangu uliyeanzisha uzi huu umeuliza mawili. Je, Resident Evil za zamani, zile gemu za kutisha za mazombi, zilitisha kweli, au sisi wakubwa tunazisifu kwa kuukumbuka utoto wetu? Na kwa kuwa sasa zimekuwa nyingi, uanze na ipi? Wengi wamekujibu kwa mstari mmoja. Mimi nimezicheza tangu ile ya kwanza na jambo hili nalipenda, kwa hiyo univumilie. Naanzia mtaani kwetu Kikwajuni, Unguja, Japani tutafika.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 13. Mtaani kwetu palikuwa na banda la gemu, chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, TV mbili na PlayStation mbili zilizopigwa chipu ili zisome sidii za kunakili. TV ya kwanza ilikuwa ya mpira tu, foleni yake haikatiki. Ya pili iko pembeni chini ya dirisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa yetu, watoto watatu tusiojua kucheza mpira. Tunalipa kwa nusu saa. Memori kadi ya banda, ya kuhifadhia mchezo ulipofikia, ilikuwa moja, ya mwenyewe, imejaa ligi zake, na hakuna aliyethubutu kumwomba afute hata moja. Maana yake ni kwamba Resident Evil tuliianza upya kila siku.

Hebu fikiri. Gemu yenyewe ilikuwa ngumu kwa makusudi. Huwezi kusevu unapotaka. Lazima ufike kwenye chumba chenye taipureta, na uwe na utepe wa wino, na tepe zenyewe zinahesabika. Sisi hata tepe zikijaa mfukoni hazina kazi. Mmoja anashika pedi, mmoja anashika daftari la skuli, mmoja anaangalia saa. Kwenye daftari tulichora ramani ya lile jumba la mazombi ambamo gemu yote inachezwa, chumba kwa chumba, na kwa kuwa Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, milango tuliipa majina kwa picha za funguo zake: mlango wa upanga, mlango wa ngao, mlango wa kofia ya chuma. Kila siku tulikuwa na nusu saa ya kufika mbele kidogo kuliko jana.

Nitakupa mfano mmoja. Tukicheza na Chris, mmoja wa wahusika wawili wa kuchagua, kuna chumba kina bunduki kubwa imetundikwa ukutani. Sisi bastola yetu ina risasi chache, tukaing'oa kwa furaha. Tukarudi tulikotoka, chumba kidogo tu kisicho na kitu, milango ikajifunga na dari likaanza kushuka. Aliyekuwa na pedi aliiweka chini kabisa, akaziba uso kwa mikono miwili. Tulikufa. Kesho yake tukarudi, tukajua kwamba ukiirudisha bunduki mahala pake unasalimika. Tukakaa siku nyingi tukiipita ile bunduki kila tunapocheza, tunaitizama tu, mpaka mwenye daftari akaoanisha: katika chumba kingine kuna bunduki kama ile, mbovu. Itundike hiyo mbovu, ondoka na nzima. Siku ile tulitoka bandani tukikimbia mpaka Michenzani bila sababu yoyote.

Sasa Japani. Gemu hii ilitoka tarehe 22 Machi 1996, kwao ikiitwa Biohazard. Ni ya kampuni ya Capcom, mwongozaji wake Shinji Mikami. Ilianza kama wazo la kuirudia upya gemu yao ya zamani iitwayo Sweet Home, ya mwaka 1989, iliyotengenezwa na Tokuro Fujiwara. Yeye ndiye aliyempa Mikami kazi hii. Ndani ya Sweet Home tayari mlikuwa na jumba, milango inayofunguka mbele ya macho yako, na mzigo mdogo wa kubeba. Mashine ya PlayStation haikuweza kuchora jumba zima kwa wakati mmoja, kwa hiyo vyumba vilikuwa picha zilizochorwa kabla, na kamera imesimama mahala pamoja, kwenye pembe ya dari au nyuma ya kabati. Unasikia nyayo za zombi zikiburuzika, humuoni, kwa sababu kamera imeamua kukuonesha wewe na si yeye. Ule mlango unaofunguka taratibu kila ukihama chumba uliwekwa kuficha muda wa mashine kusoma sidii. Sidii yetu ilikuwa imekwaruzika, basi kiza baada ya mlango kilichelewa zaidi, tunasikia lenzi ikitafuta, krr, krr. Rafiki yangu mwenye daftari alikuwa akisoma bismillahi kila mlango. Wallahi, kila mlango.

Halafu mzigo. Chris anabeba vitu sita, Jill, yule mhusika wa pili, vinane. Hapo ndipo penye ugumu na wepesi wa gemu nzima. Ukichukua jani la dawa, huna nafasi ya ufunguo. Ukichukua ufunguo na bunduki, huna nafasi ya risasi za akiba. Mtu ambaye hajaicheza hudhani Resident Evil ni gemu ya kupiga mazombi. Tuliojifunza bila memori kadi tulijua ni gemu ya kuyapita. Risasi sita ni sita. Ukizimaliza koridoni, kilichoko bustanini utakabiliana nacho kwa kisu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu langu ni ndiyo, zilitisha kweli, na si kwa ajili ya utoto. Utoto wangu mimi ulishaijua hofu kabla ya gemu. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa ilipovuma habari ya Popobawa, pepo wa sura ya popo anayevamia watu usiku, ikaanzia Pemba ikaingia Unguja. Walioshuhudia mnakumbuka: watu wazima wamelala nje, mikeka imepangwa vibarazani, moto unawashwa, redio haizimwi. Mimi nililala ubavuni mwa bibi yangu uani na sikufumba jicho. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyemwona kwa macho yake. Kila mmoja alisikia kwa mwenziwe. Hofu ile naijua ladha yake, na miaka minne baadaye, chini ya lile dirisha la banda, nikaionja tena, kidogo, kwa kusikia nyayo nisizoona mwenyewe wake.

Resident Evil ya pili ilitoka Januari 1998, mwongozaji Hideki Kamiya. Walikuwa wameshaifikisha mbali sana kazi ya mwanzo, wakaiona haina nguvu, wakaitupa na kuanza upya. Uamuzi huo nauheshimu mpaka leo. Ilikuja na sidii mbili, moja ya mhusika Leon na moja ya mwenziwe Claire, na unachokichukua na mmoja kinaweza kumkosa mwenziwe baadaye. Ya tatu, 1999, ikamleta Nemesis, jitu linalokuwinda. Hapo palibadilika kitu kikubwa: mpaka wakati ule mlango ulikuwa amani. Ukipita, zombi anabaki upande wa pili. Nemesis anapita mlangoni nyuma yako. Code: Veronica ya mwaka 2000 ni nzuri na ni ndefu, lakini haikubadilisha mengi, nitaipita.

Nataka nisimame kwenye toleo jipya la ile ya kwanza, la mwaka 2002, lililotoka kwenye GameCube, mashine ya gemu ya Nintendo. Mimi nililipata miaka mingi baadaye. Mikami alilirudia jumba lile lile, akijua kwamba sisi tunalijua kwa kichwa, akatumia kulijua kwetu kutudhuru. Ukimwangusha zombi ukamwacha pale, baada ya muda anainuka, mwekundu, ana makucha, anakimbia. Dawa yake ni kumvunja kichwa au kumchoma. Kumchoma unahitaji kiberiti cha gesi na mafuta ya taa, na kichupa cha mafuta kinatosha maiti mbili tu, ukajaze tena. Na hicho kichupa kinachukua nafasi moja katika zile sita.

Mtu wa kwetu aliyekua anatumwa dukani na chupa kununua mafuta ya taa anaelewa hesabu hii bila kuelezwa. Nilijikuta nasimama koridoni nimeshika pedi, najiuliza: huyu wa hapa nitapita tena? Kama napita mara moja tu, namwacha. Kama njia hii ni ya kila siku, namchoma. Yaani hata ushindi una deni. Kila zombi uliyemuua umeweka ahadi naye. Mimi katika mfululizo wote sijaona wazo zuri kuliko hili, na linanishangaza kwamba hawakulirudia sana.

Kisha ikaja ya nne, Januari 2005, Mikami tena. Kabla ya hapo walijaribu sura kadhaa, na mojawapo ikaenda mbali na Resident Evil mpaka ikawa gemu nyingine, Devil May Cry, iliyotoka 2001. Iliyobaki ikaishusha kamera kutoka darini ikaiweka nyuma ya bega la Leon. Leo gemu nyingi za kupiga zinatizama hivyo, kwa hiyo wewe utaona ni kawaida. Sisi tuliona ni dunia mpya. Ulimwona adui, ulimlenga goti, akaanguka, ukamkimbilia ukampiga teke. Mzigo ukawa begi la kupanga kwa miraba, kuna mfanyabiashara anakuuzia silaha, na taipureta hazitaki tena utepe. Wakaacha jambo moja tu la kukubana: ukilenga, huwezi kutembea. Unasimama kama mti huku kijiji kizima kinakujia na mapanga, kinapiga kelele kwa Kihispania. Sikuelewa hata neno. Na kule kutoelewa kuliongeza hofu, lakini sikulijua hilo mpaka ilipokuja ya tano.

Ya tano ilitoka Machi 2009. Desemba ya mwaka ule Unguja nzima iliingia gizani, njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara iliharibika, na giza likadumu mpaka Machi 2010. Rafiki yangu alikuwa na duka dogo nyuma ya Darajani, na jenereta uchochoroni. Watu walileta simu kuchaji. Jenereta ikishawaka kwa ajili ya simu, tukawasha na PlayStation 3, tukacheza wawili, mimi Chris yeye Sheva, sauti juu kabisa ili ishindane na jenereta. Mlangoni watu wamejaa, wanasubiri simu zao, wanatizama.

Jirani mmoja mtu mzima alikuwa amesimama karibu na kizingiti. Akasikia, akainama kidogo.

"Wanangu, hao wanasema Kiswahili?"

"Ndiyo, babu."

"Watu wa wapi?"

"Si watu, babu. Humu wanaitwa majini."

Akatizama kwa muda. Kwenye TV wanatujia kumi kwa pamoja, juani, mapanga na mashoka mikononi, nasi tunawaangusha mmoja mmoja. Kisha akasema, bila ya kejeli, kama anayetusahihisha chuoni: "Jini hatembei na panga. Angekuwa anaonekana hivyo, nani angemwogopa?" Akachukua simu yake akaondoka.

Nimelifikiri neno lile kwa miaka. Kwenye gemu wale maadui kweli wanaitwa Majini, na wameeleza kwamba ni neno la Kiswahili kwa maana ya pepo wabaya. Kwetu kila mtoto anajua jini si lazima awe mbaya, kuna wa kheri na wa shari, na kuna wanaoishi nyumba moja na watu miaka na miaka bila ya ugomvi. Mdudu mmoja anayeruka wamemwita Kipepeo. Popo mkubwa wamemwita Popokarimu. Mandhari ni Afrika Magharibi, mji wa kubuni uitwao Kijuju, na hapo maadui wanasema Kiswahili, lugha ya upande huu wa bahari. Picha za kwanza zilipooneshwa 2007 ulizuka mjadala mkubwa, kwamba Mzungu anaingia kijijini kuua watu weusi. Mjadala ule ulikuwa wa haki. Mimi naongeza langu: lugha ya bibi yangu ilitumiwa kama kelele. Mchezaji wa Marekani akisikia Kiswahili mle anasikia kile nilichosikia mimi kwenye Kihispania cha ya nne, sauti isiyoeleweka, basi inatisha. Mimi nikisikia, naelewa. Na mtu ukimwelewa anachosema, unataka kujua kapatwa na nini, hutaki kumpiga risasi.

Na yule Popokarimu. Mimi mtoto wa 1995, niliyelala uani kwa ajili ya popo ambaye hakuna aliyemwona, nilipaswa kutetemeka. Sikutetemeka. Alikuwa mbele yangu, mzima mzima, mchana, na mwenzangu yuko ubavuni ananipa risasi. Tulimmaliza, tukanywa maji, tukaendelea. Ya tano kama gemu ya wawili ni nzuri, siwezi kumdanganya mtu, zile usiku za giza tulizimaliza nayo na nazikumbuka kwa mapenzi. Lakini hofu ilikuwa imeshaondoka nyumbani. Walikuwa wametupa kila kitu: mwenza, silaha, mwanga, nafasi. Ya sita, 2012, wakatoa hata kile cha mwisho, ukaweza kutembea huku unapiga. Ina hadithi nne, milipuko kila mahala, na mimi sikuimaliza.

Ndipo Januari 2017 wakaja na ya saba, na nikaona kama kuna mtu alimsikia yule mzee. Unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Anaitwa Ethan, si askari, ni mtu tu anayemtafuta mkewe katika nyumba moja chakavu huko Louisiana. Kamera imekaribia kabisa usoni, ilhali kazi yake ni ile ile ya mwaka 1996: kukunyima. Zamani ilikunyima kwa kusimama mbali, sasa inakunyima kwa kuwa huoni kilicho mgongoni. Mzigo mdogo umerudi. Sanduku la kuwekea vitu vya akiba limerudi. Na ukiichezea kiwango chake kigumu kabisa, kusevu kunataka kanda za kaseti, nazo zinahesabika. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu chumbani kwa furaha, maana ni ule utepe wa wino umevaa nguo nyingine.

Ya pili ikarudiwa Januari 2019. Hapa wamechukua kamera ya begani ya mwaka 2005 na unyimaji wa 1998 wakavioanisha. Mazombi wanakula risasi kichwani na bado wanakuja. Mlango si amani tena. Na yule jitu la kofia nyeusi, Mr. X, anatembea ndani ya kituo cha polisi, humuoni, unasikia viatu vyake: ghorofa ya juu, ngazini, koridoni. Nilizima taa nikaicheza na hedifoni. Nilisimama nyuma ya kabati la mafaili dakika nzima bila kugusa pedi, nahesabu hatua, najaribu kujua zinakuja au zinakwenda. Nilikuwa na miaka 33, nina mke na mtoto amelala chumba cha pili.

Zilizofuata nitazipita haraka. Ya tatu iliyorudiwa 2020 ni fupi na wameyaacha nje mengi. Village ya 2021 ina sehemu moja, nyumba yenye wanasesere, ambapo wanakunyang'anya silaha zote. Sehemu hiyo peke yake inatosha bei. Ya nne iliyorudiwa 2023 ni kazi ya mikono safi. Requiem, waliyoitangaza Juni 2025, ina msichana aitwaye Grace, na unaweza kuchagua kuona kwa macho yake au kutoka nyuma yake.

Sasa swali lako la pili. Wengi humu wamekwambia uanze na ya nne. Ni gemu nzuri, ila ukianza nayo utazizoea silaha, na ukirudi nyuma utaona zile nyingine zinakuonea. Anza na jumba, lile toleo la 2002. Lilitolewa tena 2015 kwa kompyuta na mashine za sasa, na halitaki mashine kubwa, hata laptopu ya mtumba itaweza. Chukua Jill, vitu vinane vinatosha kujifunzia. Ukimaliza, ya pili ya 2019, kisha ya saba. Ya nne iwe ya nne. Ya tano uicheze na rafiki.

Na tafadhali usifungue video za kuonesha njia. Tafuta daftari. Langu la 1999 bado ninalo, kurasa zimekuwa njano, na kuna chumba kimoja ghorofa ya juu tulikichora upande usio wake. Nimelicheza jumba lile mara nyingi tangu hapo, na kila nikifika pale mkono unataka kwenda kushoto.